Diski Gani Itunze Mambo ya Nyumba Yetu?

Sauti ile ilianza jioni moja ya mwaka 2022, tukiwa mezani kwa chakula. Tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tena tik, tik. Tulidhani ni mjusi nyuma ya kabati. Kijana wetu alichukua ufagio akapiga ukuta, sauti ikanyamaza, tukacheka, tukaendelea kula. Siku ya pili ilirudi, na mara hii tukatambua kwamba inatoka kwenye kompyuta. Siku ya tatu kompyuta haikufunguka. Taa iliwaka, feni ilizunguka, lakini kioo kilibaki cheusi na maandishi machache meupe tusiyoyaelewa.

Ndani ya kompyuta ile tulikuwa tumeweka picha za watoto tangu wa kwanza alipoanza chekechea. Tulikuwa tumeweka hesabu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, maana katibu wake anatoka nyumba hii. Na tulikuwa tumeweka sauti ya mama mkwe. Mwaka 2019 tulimkalisha chini ya mwembe wake, tukaweka simu juu ya kigoda mbele yake, akatutajia wazee wa ukoo: nani alimzaa nani, nani alihama kwa sababu ya njaa, nani alikuwa wa kwanza kubatizwa. Zilikuwa dakika 50 hivi. Mwaka 2021 alifariki. Sauti ile tulikuwa tumeihamishia kwenye kompyuta, na kwenye simu tukaifuta ili tupate nafasi.

Tukaibeba kompyuta hadi kwa fundi mmoja kijana.

“Shikamoo mama,” alisema, akaiwasha, akatega sikio, akaizima upesi. “Mama, msiiwashe tena. Kichwa cha kusomea kinagonga. Kila mkiiwasha kinaweza kuikwangua zaidi.”

Tulimwuliza kama hawezi kuitoa sauti peke yake, hata picha zibaki.

“Mimi siwezi, mama. Wapo wanaozifungua diski katika chumba kisicho na vumbi kabisa. Ila gharama yake inazidi bei ya kompyuta hii mara kadhaa.”

Akatutajia kiasi alichowahi kusikia. Baba watoto alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Fedha hiyo ilikuwa ada ya muhula.

Tunayaandika haya, akina mama wenzetu, kwa sababu tulipokwenda dukani kununua diski nyingine tulikaribia kurudia kosa lile lile. Tulimwuliza muuzaji, “Iliyo kubwa kuliko zote ni ipi?” Muuzaji akafurahi sana. Ni kijana wetu aliyetushika mkono na kusema, “Mama, hata ile iliyokufa ilikuwa kubwa.” Tukarudi nyumbani bila kununua kitu, tukaanza kuuliza watu na kusoma. Haya ndiyo tuliyojifunza, nasi tungalipenda kuyajua mapema.

Kabati la nyumba

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Wengi wetu tukisikia “memori” tunachanganya vitu viwili. Kompyuta ina ramu, ambayo ni kama meza ya jikoni: vitu unavyovifanyia kazi sasa viko hapo, na umeme ukizimwa meza hufutwa. Diski, au hadi diski kama mafundi wanavyoita, ndiyo kabati. Vilivyomo hubaki hata kompyuta ikizimwa mwezi mzima. Picha, barua, hesabu, kazi za shule, na programu zenyewe zinazoiendesha kompyuta, vyote viko kabatini.

Makabati haya siku hizi ni ya namna mbili.

Ya kwanza ni ya zamani, yenye sahani ndani, na kwenye boksi huandikwa HDD. Sahani hizo ni ngumu, zinang'aa kama kioo, nazo huzunguka kwa kasi kubwa. Kwa diski nyingi za nyumbani ni mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Hiyo 7,200 maana yake ni mara 120 kila sekunde. Juu ya sahani huelea kichwa kidogo cha kusoma na kuandika, na mwanya uliopo kati yake na sahani ni mwembamba kuliko unywele wa kichwani mara maelfu. Ukishaelewa jambo hili hutaipiga tena kompyuta kofi, wala hutamruhusu mtoto kuiburuta mezani ikiwa inafanya kazi. Kichwa kikigusa sahani, hukwangua. Tik, tik yetu ndiyo ilikuwa hiyo.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimeta 60 hivi, uzito wake kama tani moja, na ilitunza herufi milioni 5 tu. Hizo ni kama picha moja ya simu ya leo! Tunamfikiria mama wa nyumbani akielezwa aitafutie nafasi sebuleni.

Namna ya pili huandikwa SSD. Hii haina sahani wala kichwa. Ndani yake mna chipu tu, za jamaa moja na zile za kwenye flashi na simu, ila zimetengenezwa kwa kazi nzito zaidi. Hakuna kinachozunguka, kwa hiyo haitoi sauti, haipati moto sana, na mtikisiko mdogo hauiumizi.

Ya ndani iwe ipi?

Kwa diski ya ndani, ile inayoiendesha kompyuta kila siku, tunasema bila kusitasita: nunua SSD. Nyumba nyingi zetu hutumia kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, na zilizo kuukuu nyingi huja na diski za sahani. Mama anawasha, anakwenda kuosha vyombo, anarudi, bado haijafunguka. Watu wakasema kompyuta imezeeka. Mara nyingi kilichozeeka ni diski tu. Ya sahani husoma megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde pale mambo yake yanapokwenda vizuri, na huzidi kuwa nzito inapotafuta vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika, jambo ambalo kompyuta hulifanya muda wote. SSD ya kawaida, inayotumia waya ule ule unaoitwa SATA, hufikia megabaiti 550 kwa sekunde, na vile vidogo vilivyotawanyika huviokota mara moja. Sisi tuliibadilisha diski tu, wala hatukugusa kitu kingine. Sasa kompyuta hufunguka kabla hatujamaliza kuvuta kiti.

Kabla ya kununua, hata hivyo, mwulize fundi swali moja: je, kompyuta yenyewe inastahili? Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Zipo programu za bure za Linux ambazo zitaitumikia mashine hiyo vizuri kwa barua na masomo. Lakini kama watoto wanahitaji Windows, usiweke diski ya gharama katika kompyuta ambayo utaiacha mwakani.

Kisha jambo la umbo. SSD nyingine zina umbo la kisanduku bapa, nazo huingia mahali pa diski ya kompyuta mpakato. Kwenye ya mezani huingia pia, bora pawepo waya wake. Nyingine ni kipande chembamba kama kibao cha ubani wa kutafuna, upana milimita 22 na urefu mara nyingi milimita 80, nazo huitwa M.2. Hapa wengi hupoteza fedha, maana M.2 zenyewe ni za aina mbili zinazofanana machoni: moja ni SATA, nyingine NVMe. Inayofaa aina moja huenda isifanye kazi katika nafasi ya nyingine. Kompyuta za kabla ya 2013 kwa kawaida hazina kabisa nafasi hiyo. Usiende dukani na jina la kompyuta kichwani tu. Mwombe fundi aifungue, piga picha ya ndani kwa simu, uende nayo. Au ibebe mashine nzima, ukionekana mshamba si kitu.

Muuzaji atakuambia NVMe ina kasi ya maelfu ya megabaiti. Ni kweli. Lakini kwa kuandika barua, kutazama picha na kupiga hesabu za kikundi, sisi hatukuona tofauti ya kutufanya tuongeze fedha. Anayehariri video za harusi na aongeze.

Ukubwa gani?

Hapa tukae chini tuhesabu, kama tunavyohesabu kabla ya kupika pilau ya wageni. Picha moja ya simu ina megabaiti 3 hadi 5. Tuseme 4. Picha 10,000 ni gigabaiti 40. Video ndiyo mlaji mkubwa: dakika moja inaweza kuzidi megabaiti 100, kwa hiyo saa moja ya kwaya inakula gigabaiti 6 au zaidi. Windows 11 nayo inataka diski isiyopungua gigabaiti 64, na ukweli ni kwamba kwa 64 utateseka. Kwa nyumba isiyo na video nyingi, gigabaiti 256 zitatosha kwa taabu, na 500 zitatosha kwa raha. Kuzidi hapo, fedha iliyobaki ina kazi nyingine ambayo tutaieleza chini.

Usishtuke ukiona diski ya 500 inasomeka kama 465, au ya terabaiti 1 inasomeka 931. Jirani yetu alirudi dukani kwa hasira akidai ameibiwa. Hakuibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, basi tofauti inaongezeka kila hatua.

Akina mama wengine wameogopeshwa kwamba SSD ina maandiko yake yaliyohesabiwa, yakiisha imekufa. Ni kweli chipu huchakaa kwa kuandikiwa. Lakini hebu tuangalie. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 imepewa dhamana ya kuandikiwa terabaiti 300. Nyumba ikiandika gigabaiti 20 kila siku, na ni nyumba chache zinazofika hapo, itachukua miaka 41. Kabla ya hapo umeme, maji ya chai au mwizi watakuwa wamepita.

Bei ya kushangaza

Sisi wauguzi tumezoea kutazama dawa kabla ya kumpa mgonjwa: muhuri, tarehe, namba ya toleo. Diski nazo zina ughushi wake. Utaona flashi au diski ya nje, ndogo kama kidole, imeandikwa terabaiti 16, na bei yake ni ya kilo chache za nyama. Ndani mna chipu ya gigabaiti chache iliyofundishwa kusema uongo. Kompyuta ikiiuliza, hujibu kwamba ina terabaiti 16. Unaweka picha, majina yanaonekana, unafurahi. Nafasi ya kweli ikijaa, huandika vipya juu ya vya zamani, au hutupa tu. Utagundua siku utakayoitaka picha. Ipo programu ya bure, H2testw, iliyotolewa na gazeti la kompyuta la Kijerumani c't, ambayo huijaza diski yote kisha kuisoma tena ione kama kweli imetunza. Huchukua saa nyingi. Iache usiku, na ufanye hivyo kabla hujaweka kitu chochote, na risiti ingali mkononi.

Kwa diski za sahani jambo ni rahisi kidogo, kwa kuwa baada ya makampuni kununuana mwaka 2011 na 2012 walibaki watengenezaji watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Jina la nje laweza kuwa jingine, lakini ndani ni mmoja wao. Namba ya diski unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya kiwanda, uone kama dhamana yake ni hai au ilikwisha miaka mitatu iliyopita nchi nyingine.

Iliyotumika je? Kwa kutunzia mambo ya nyumba, sisi tumekataa. Kama huna budi, mwambie muuzaji aichomeke mbele yako na kuipima kwa programu kama CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha saa ilizofanya kazi na sehemu zilizoharibika. Mwaka 2007 wataalamu wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zao zaidi ya 100,000. Diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika kipimo kimoja cha kukagua sahani, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 kuliko isiyo na kosa. Kwa hiyo kosa moja si la kusubiri. Lakini wataalamu hao waliona pia kwamba zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika vipimo hivyo, ukiacha joto. Ni kama presha ya kupanda: mgonjwa anakuja akicheka, kumbe iko juu. SSD nayo ikifa mara nyingi hufa kimya. Haina hata mjusi wa kukuonya.

Mafuta ya akiba

Sasa tumefika kwenye lile jambo la fedha iliyobaki. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo hutunza data za watu kwa diski zaidi ya laki mbili, imekuwa ikitangaza takwimu zake kwa miaka mingi. Katika miaka ya karibuni, kwa kila diski 100, moja au mbili hufa kwa mwaka. Utasema ni chache. Lakini nyumbani kwako hazipo 100. Ipo moja.

Wale wanawali watano wenye busara hawakusifiwa kwa kuchukua taa kubwa zaidi. Walichukua mafuta ya akiba. Kwa hiyo, kama una fedha ya SSD ya terabaiti 2, nunua ya gigabaiti 500 uiweke ndani, na kwa fedha inayobaki ununue diski ya nje ya sahani ya terabaiti 1 au 2. Hapa ndipo diski ya sahani inapostahili. Kwa nafasi ile ile kwa kawaida huuzwa bei ndogo, na kasi yake ndogo haitusumbui kwa kuwa haitumiki kila siku. Tena SSD ikikaa kabatini miaka bila umeme yaweza kupoteza ilichotunza, kwa hiyo si ya kufungia sandukuni.

Diski ya nje isikae imechomekwa. Nyumba kadhaa tunazozijua zina diski ya akiba juu ya kompyuta, waya umeingia usiku na mchana. Radi ikipiga, zinakwenda zote mbili. Mwizi akiingia, anabeba zote mbili. Na kirusi kile kinachofunga mafaili na kudai fedha kitazifunga zote mbili. Hiyo si akiba hata kidogo.

Sisi tuna mbili za nje. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nguo zikiwa kwenye kamba, kijana wetu anachomeka moja, ananakili, anafungua mafaili matatu au manne kuona kama kweli yanafunguka, kisha anachomoa. Mwezi unaofuata tunaipeleka kwa dada yetu ng'ambo ya mji na kuichukua ile iliyoko kwake. Hapo kila picha iko mahali patatu. Wenye intaneti nzuri wanaweza kutumia huduma za kuhifadhi mtandaoni badala ya nyumba ya dada. Vifurushi vyetu haviruhusu, isipokuwa kwa hesabu za kikundi, ambazo ni faili dogo. Hizo pia tunazichapa kwenye karatasi kila robo mwaka. Mhasibu wa kikundi ana miaka 71 naye anaamini karatasi.

Kwa kuwa diski ya nje hutembea, ifungwe kwa nywila, fundi atakuonyesha namna. Mambo ya wagonjwa sisi hatuyaleti nyumbani kabisa, si kwenye diski wala kwenye simu. Na ukiuza kompyuta ya zamani, kufuta picha na kuziondoa kwenye pipa la takataka hakutoshi, maana bado zinaweza kurudishwa. Iondoe diski ubaki nayo.

Yetu iliyokufa tunayo. Imefungwa kwa kitambaa cha kanga, iko kwenye droo pamoja na hati ya kiwanja.

Desemba 2023 tulikwenda kijijini kuweka jiwe kwenye kaburi la mama mkwe. Jioni, mpwa wetu aliyetoka Mwanza alisema ana kitu kwenye simu yake. Ilikuwa sauti ya bibi. Siku ile ya mwembe tulikuwa tumemtumia kipande, na hatukukumbuka tena. Dakika nne. Anasikika jogoo, kisha bibi anaomba maji, kisha anaanza kutaja majina. Anafika kwa baba wa babu yake, anakohoa, na kipande kinakatika.

Dakika hizo nne sasa ziko kwenye SSD ya nyumbani, kwenye diski mbili za nje, na kwenye simu ya mpwa wetu, ambaye tumemkataza kuifuta hata nafasi ikimwishia. Majina mengine yote yako ndani ya kanga, kwenye droo. Baba watoto bado anaweka akiba ya kile chumba kisicho na vumbi.